Zoezi la Dresa Abdulrahmani

Mimi nina kinyaa, na sioni haya kusema. Sinywi kwenye kikombe alichotia mdomo mtu mwingine, hata awe niliyemzaa mwenyewe. Silalii mto wa mtu. Nikikuta unywele kwenye wali, sahani nzima namwaga, kisha nakaa kuwachunguza waliopika mpaka nimjue mwenye unywele wake. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba siku ya kufa nitataka sanda ifuliwe mbele ya macho yangu kwanza. Basi fikiria mtu wa namna hiyo analazwa chali juu ya jamvi la hospitali, kichwa kwenye mto uliokwisha kudondoshewa udenda na nusu ya wanawake wa Kilwa Kivinje, halafu mwanamume asiye mume wake wala ndugu yake anaanza kumnong'oneza.

Nilikwenda kwa ajili ya Samia, mdogo wangu, tumbo moja. Kwa mwingine yeyote nisingekanyaga.

Mwana pekee wa Samia, Tawakali, alikwenda vitani na askari wa KAR, jeshi la Waingereza, akafia Burma. Tarishi wa boma ndiye aliyeleta habari. Vita vilipokwisha wenzake walirudi na makoti mazito yasiyofaa kwa joto letu, na hadithi zilizotiwa chumvi nyingi, lakini yeye haukurudi hata ukucha wake. Tukasoma khitma, tukapika, watu wakala wakaenda zao. Samia akaacha kulala. Kila asubuhi watu waendao sokoni walimkuta amesimama nyuma ya soko la samaki, pale panapotupwa matumbo ya papa na nzi wakavuma mpaka masikio yanawasha, uso kauelekeza baharini, anaita kwa sauti yake yote: "Mwana wa Samia! Mwana wa Samia!" Mpaka sauti ikauke. Watoto wa chuo cha Kurani walikwisha kuufanya mwito huo wimbo wa kurukia kamba.

Mumewe Bakary hakuwa baba wa Tawakali. Baba wa mtoto alikuwa Ahmadi, aliyekufa mtoto angali akitambaa, na Bakary akaja baadaye. Nimweleze Bakary kwa ufupi, maana kwa urefu nitatapika. Ni mtu wa tambuu. Anatafuna toka anapoamka, na mate yake mekundu anayatema popote yanapomjia, ukutani, kizingitini, kwenye shina la mpapai ambao watu wanakula mapapai yake. Alipoona mkewe amekuwa kichekesho cha soko, hakusema maskini mwenzangu amefiwa. Alisema, "Watu wananiuliza njiani, Bakary, mkeo leo kajiita tena? Mimi siwezi. Apelekwe Dodoma."

Dodoma maana yake hospitali ya wenye wazimu. Kwetu mtu akipelekwa Dodoma huagwa kama anayekwenda kaburini, na wengi tuliowaaga hatukuwaona tena.

Daktari wa wilaya, mzungu mmoja mrefu mwenye shingo nyekundu, hakukataa wala hakukubali. Kiswahili chake kilikuwa cha fungua mdomo na geuka huku, kwa hiyo maneno mengine alitafsiriwa na dresa wake, yule msaidizi wa kufunga vidonda na kugawa dawa, Abdulrahmani. Akasema kwamba kabla ya kuandika karatasi ya Dodoma, mwanamke ajaribu zoezi jipya la akili ambalo dresa anawafundisha wagonjwa wasiolala. Yeye mwenyewe atakuja kutazama. Samia akiweza kulala kimya mpaka mwisho wa somo, bila kupiga kelele zake, atabaki kwao. Akishindwa, karatasi itakwenda naye atakwenda.

Ndivyo ilivyokuwa. Mdogo wangu angebaki na sisi au asingebaki, na wa kuamua alikuwa Abdulrahmani na mto wake.

Abdulrahmani alikuwa mtu wa Milola, amekuja Kivinje peke yake, hana mke, hana shangazi, hana hata paka. Wakati wa vita alifanya kazi katika hospitali ya askari huko India, na humo ndimo alimojifunza hilo zoezi, kwa madaktari waliowatibu askari ambao vichwa vyao viliharibiwa na mizinga. Nywele zake alizipaka mafuta ya nazi yaliyochacha. Ukucha wa kidole chake kidogo alikuwa ameufuga ukawa mrefu kama kijiko cha chumvi, na kwa ukucha huo alichokonoa sikio, na kwa ukucha huohuo, sizidishi, aligonga wagonjwa kwenye paji la uso ili waanze zoezi. Nilipomwona mara ya kwanza anachokonoa kisha anamgonga Mwahija, jirani yangu, mate yalinijaa mdomoni nikayameza kwa nguvu.

Chumba kilikuwa ghala ya dawa zamani. Kilinuka iodini na miguu. Tulilazwa wanawake kwa safu, tumefunikwa mabuibui mpaka kidevuni, Mwahija, na Veronika mke wa polisi, ambaye ni Mkristo wa Rondo na alikuja kwa sababu ya maumivu ya kichwa, na Samia, na mimi, ambaye sikuwa na ugonjwa wowote ila niliambiwa siwezi kukaa kitako tu nikiwatazama wenzangu. Dresa akatueleza kwanza. Mwili, alisema, hufanyiwa mazoezi ya kuruka na kuinama ukapata nguvu. Akili nayo ni vivyo hivyo, inahitaji zoezi lake, na zoezi lake ni kutulia. Yeye atasema, sisi tutafumba macho na kuyaona anayosema.

"Miguu yako ni mizito," akaanza. "Mizito... mizito... Mikono yako ni mizito..."

Jamani, sauti ile! Sauti ya mchana alikuwa nayo, ya kumwita mfagiaji na kugombana na wauza mayai. Lakini kwa zoezi alitoa nyingine, nyororo, yenye utelezi, na baada ya kila neno ulimi wake ulibanduka kwenye kaakaa ukalia nyaa. Mzito, nyaa. Mwepesi, nyaa. Alipita juu yetu akiinama, na kila alipoinama harufu ya nazi iliyochacha ilitangulia. Akatuambia tuone bonde la kijani lisilo na mtu. Mimi sikuona bonde. Niliona ukucha.

"Umeona nini?" nilimuuliza Samia tukirudi nyumbani.

"Kijani tupu," akasema. Alikuwa amekonda hata kanga ilimzidi. "Nimemtafuta Tawakali humo sikumwona."

"Kwa nini unajiita jina lako, Samia? Pale sokoni. Watu wanakuona umerukwa."

Akasimama katikati ya njia, punda wa watu akalazimika kutuzunguka.

"Dada, wewe hujui? Sijiiti mimi. Namwita yeye."

Akanieleza, nami nikaona haya kwamba ilibidi nielezwe. Kwetu, wanawake hatufuati jeneza. Tunabaki uani na vilio vyetu. Kabla maiti haijatolewa, mwanamume mmoja huja mlangoni na kuuliza, mama yake huyu anaitwa nani? Tunamtajia. Wakishafukia, mwalimu hukaa kichwani pa kaburi kusoma talakini, amkumbushe maiti ya kuwajibu malaika watakapomjia kumuuliza. Na maiti haitwi kwa jina la baba. Huitwa kwa jina la mama yake. Fulani mwana wa bibi fulani.

"Huko Burma nani alikuja mlangoni?" Samia akasema. "Nani aliuliza? Hata hiyo karatasi ya boma wameandika Tawakali Bakary. Baba wamekosea, dada. Wataweza mama? Amelazwa kule anangojea kuitwa, hakuna anayemwita. Basi namwita mimi. Nikilala nani atamwita?"

"Umemwambia mwalimu?"

"Nimemwendea. Mtu mwema, akanikalisha. Akaniambia jina la mama lisipojulikana husemwa mwana wa Hawa, kwa kuwa sote ni wana wa Hawa, na inatosha." Akaivuta kanga kifuani. "Hawa hakumnyonyesha, dada. Nimemnyonyesha mimi."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bakary. Alinisikiliza akitafuna, shavu moja limevimba, kisha akatema kando ya mguu wangu. Tone likaruka likanipata kwenye ukingo wa buibui. "Ndio huo wazimu wenyewe," akasema. Buibui lile nililichemsha nilipofika nyumbani.

Kwa Abdulrahmani nako nilikwenda, maana nilijiambia labda anayeshughulika na akili ataelewa. Alikuwa akipanga chupa. Akaniitikia kwa ile sauti yake ya zoezi, ambayo sikumwomba. "Bi. Mastura, hayo ndiyo mawazo tunayoyaosha. Aache kufikiri habari za wafu. Aione kijani." Kisha akaingiza ukucha sikioni akauzungusha. Nikaondoka bila kuaga. Kuosha! Mtu mwenye sikio kama lile anazungumza habari ya kuosha.

Tuliendelea kuhudhuria. Mwahija alilala usingizi wa pono kila mara na kukoroma, akasifiwa kuwa mwanafunzi bora. Veronika alisema kichwa kimepungua kidogo, ila sala zake za asubuhi zinamfaa zaidi na hazinuki nazi. Samia alilala kimya vipindi vingine, vingine akaanza kutetemeka, nami nikamshika mkono chini ya buibui mpaka dresa amalize. Asubuhi yake aliponyoka akaenda nyuma ya soko vilevile.

Ikafika Jumamosi ya daktari. Alikuja baada ya chai, akapewa kiti karibu na dirisha, akaweka karatasi gotini na kalamu mkononi. Bakary alisimama mlangoni na shavu lake. Alikuwa amevaa kanzu safi, kama anayekuja kuposa. Kanzu ile ndiyo iliyonichukiza kuliko mate yake yote, kwa sababu niliona kwamba mtu huyu ameamka, ameoga, amejipamba, aje kutazama mkewe akichukuliwa.

Tukalala. Samia alikuwa wa mwisho upande wa ukuta, na safari hii hawakuniacha nilale karibu naye, dresa alisema daktari anataka kumwona vizuri. Akachokonoa, akagonga mapaji. Akaanza. Kwa kuwa mkubwa wake alikuwa akitazama, alizidisha utelezi wa sauti, na somo akalirefusha kuliko siku zote.

"Miguu yako ni mizito, huisikii tena. Mikono yako ni mizito, huisikii tena. Sasa huna mwili. Umelala mahali penye baridi, penye kimya. Uko peke yako. Hakuna sauti. Hakuna anayekuita."

Nilifumbua macho. Nilisikia pumzi ya Samia ikikatika kama ya mtu aliyemwagiwa maji.

"Hakuna anayekuita," dresa akarudia, nyaa.

"Mwana wa Samia," mdogo wangu akasema. Chini kwanza. Kisha juu kidogo. Mabega yakaanza kumtetemeka, na nilijua kinachofuata, ni ukelele ule wa nyuma ya soko. Daktari akainua kalamu. Bakary akasogea hatua moja ndani. Abdulrahmani aliduwaa, akainama na ukucha wake kumgonga tena, kana kwamba Samia ni saa iliyosimama.

Niliinuka. Sikufikiri. Nilimsukuma dresa kwa kiwiko, nikapiga magoti kichwani pa Samia, nikautia uso wangu palepale kwenye mto, ule mto wenye ramani za udenda wa watu, shavu langu likaugusa na harufu yake ikaniingia mpaka utosini. Daktari akauliza kitu kwa lugha yao. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka natema mate. Nilimwibia Abdulrahmani sauti. Ile ile, nyororo, ya utelezi, pole pole, na ulimi wangu mwenyewe ukabanduka kwenye kaakaa ukalia nyaa. Daktari hakuyajua maneno yale, ila sauti alikwisha kuizoea, nami nilitaka adhani zoezi bado linaendelea.

"Ewe Tawakali," nikasema, "mwana wa Samia."

Mabega ya Samia yakasimama.

"Ewe Tawakali, mwana wa Samia. Ikumbuke ahadi uliyotoka nayo duniani. Watakujia wawili, wasikutishe, ni viumbe wa Mungu kama wewe. Wakikuuliza, nani Mola wako?"

"Allah ni Mola wangu," Samia akajibu, macho yamefumba. Alijibia mwanawe. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtoto anayesomeshwa.

"Nani Mtume wako?"

"Muhammad ni Mtume wangu."

"Nini kibla chako?"

"Kaaba ni kibla changu."

Nilijua maswali yale kwa kuwa sote tuliyasoma chuoni utotoni. Sijapata kukaa kichwani pa kaburi, na sijui kama mwanamke aliwahi kukaa. Niliyasoma yote mpaka mwisho juu ya mto ule. Mwahija, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa amekoroma, akasema "Amin" kimyakimya, na wanawake wengine wakaitikia mmoja mmoja bila kuinua vichwa. Nilimwona Veronika akipiga ishara yake ya msalaba chini ya shuka. Samia alivuta pumzi ndefu, akaitoa, mdomo ukalegea. Akalala. Alilala kweli, na udenda ukamtoka ukaingia kwenye mto na wa wenzake.

Bakary ndiye aliyeelewa kila neno. "Mwanamke hasomi tala..." akaanza. Kisha akamtazama daktari, akaona kwamba akisema zaidi itabidi aeleze mbele ya wote kuwa mkewe si kichaa, alikuwa akimsomea mwanawe, na yeye mume alikwisha kuelezwa. Akaufumba mdomo. Tambuu ilimpitia vibaya, nadhani aliimeza, maana alikohoa mpaka machozi yakamtoka na kanzu ikapata madoa.

"Mzuri sana!" daktari akasema, akamshika Abdulrahmani bega. "Zoezi mzuri sana!" Akaikunja karatasi ya Dodoma akaitia mfukoni, akaenda zake kwa furaha. Baadaye nilisikia kwamba dresa alisifiwa mpaka Lindi. Sikushangaa.

Wengine walipoondoka nilibaki, kwa kuwa sikutaka kumwamsha Samia. Abdulrahmani naye alibaki. Alijifanya anapanga chupa ambazo zilikwisha kupangwa.

"Bi. Mastura," akasema hatimaye, kwa sauti yake ya mchana.

"Nini?"

"Yale maneno. Nilikuwa nimeyasahau."

Sikutaka mazungumzo naye. Lakini hasira yangu haikuwa imeisha, nikamuuliza lile lililonikaa kooni tangu asubuhi. "Huko India, uliwalaza askari wetu na kuwanong'oneza namna hii?"

"Wengi."

"Na waliokufa je?"

"Wako waliokufa nikisema nao. Walikufa wametulia."

"Uliwaonesha kijani."

"Niliwaonesha kijani, ndiyo."

"Ukawauliza mama zao wanaitwa nani?"

Alishika chupa moja akaitazama kama hajui imo dawa gani. "Tulikuwa tukiwaita kwa namba," akasema.

Nilimpa mgongo. Nilisikia moyo umenichafuka vibaya kuliko ule mto ulivyonichafua, kuliko Bakary, kuliko matumbo ya papa nyuma ya soko. Nikamfunika Samia miguu. Nilidhani mtu yule ameondoka, lakini harufu ya nazi ilikuwa palepale.

"Bibi," akasema. "Mama yangu mimi alikuwa akiitwa Mwanaima. Alifia Milola nikiwa vitani. Hapa mjini hakuna anayelijua jina lake."

"Mimi nifanye nini nalo?"

"Uwe nalo tu."

Nikamtazama. Mafuta yalikuwa yakimchuruzika shingoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwambia akakate huo ukucha kabla hajasema na mimi tena. Akasema, "Inshallah," akatoka.

Samia aliamka alasiri, akaomba maji. Kikombe kilichokuwapo ni changu, nilichokuja nacho kutoka nyumbani. Nikampa. Alikunywa akakimaliza, akalala tena, na kikombe nikakisugua kwa majivu na mchanga nilipofika nyumbani. Tangu siku hiyo hakwenda tena nyuma ya soko la samaki.

Abdulrahmani ukucha aliukata. Mafuta hajaacha. Kila apitapo mbele ya mlango wangu, nikiwa nauza mkate wa kumimina, harufu hutangulia na mimi hufunika mikate kwa kawa. Hunipa salamu, nami humwitikia nusu. Simpendi, na sitampenda. Lakini kabla hajafika kwenye kona huwa midomo yangu imekwisha kucheza yenyewe, bila ruhusa yangu, nami nikiichukia: Abdulrahmani mwana wa Mwanaima, Abdulrahmani mwana wa Mwanaima, nisije nikalisahau.